Kupanga nyumba kwenye mji mdogo wa Ufini: tupeane uzoefu kabla hamjapanda ndege

#1 Msukuma wa Kainuu, 3 Oktoba

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata ujumbe wa faragha wa aina moja: "Kaka nimepata chuo Kajaani, nyumba napataje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na wengine nawajibu nusunusu maana wananikuta zamu. Naweka yote hapa, mwenye kukosoa akosoe.

Kwanza mjue mahali ninapozungumzia. Kajaani ni mji wa watu 36,000 hivi, mkoa wa Kainuu, treni kutoka Helsinki inakula kama saa sita. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi cha UPM, kikafungwa mwishoni mwa 2008. Eneo lilelile la kiwanda leo imekaa LUMI, moja ya kompyuta zenye nguvu kubwa kabisa Ulaya. Sasa kompyuta haipangi chumba na sebule. Vijana wanahamia Oulu na Helsinki, wazee wanabaki, nyumba nazo zinabaki. Kwa hiyo ule wimbo wa "Ulaya nyumba hakuna" waachieni wa Helsinki. Huku matangazo yanakaa hata mwezi yameandikwa *vapautuu heti*, maana yake ipo wazi, hata leo ingia.

Kinachowakwamisha watu ni kwamba Mfini hakupangishi kwa sababu umemwonyesha hela. Anampangishia mtu aliyemo kwenye mfumo: ana namba ya utambulisho (*henkilötunnus*), ana akaunti ya benki yenye nywila za kujitambulisha mtandaoni, hana doa la madeni. Wewe unatoka Mwanza huna hata kimoja. Benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka benki. Hapo ndipo watu wanalia.

Dawa yake: namba ya utambulisho unaweza kuipata pamoja na kibali cha kwanza cha kuishi, msisubiri mpaka mfike. Benki ndiyo itachelewa, wiki kadhaa. Basi kwenye barua ya maombi sema mapema kwamba nywila za benki huna bado, unaomba mkataba wa karatasi au wa barua pepe, na ambatanisha barua ya chuo, kibali, na taarifa ya akaunti ya nyumbani. Barua iwe fupi. Mimi ya kwanza niliandika kurasa mbili, nikaeleza mpaka kwamba ni Mkristo mwaminifu na mama yangu ni mwalimu. Hakuna aliyejibu. Ya pili mistari sita: mimi ni nani, nasoma nini, nipo peke yangu, sivuti sigara, sina mnyama, nahitaji kuanzia tarehe fulani. Nikajibiwa kesho yake.

Pa kutafutia: Vuokraovi, Oikotie na Tori kwa matangazo ya wote. Halafu kampuni ya nyumba ya manispaa, kila mji unayo ya kwake, kwa Kajaani ni Kajaanin Pietari. Anzeni huko kwa manispaa. Dhamana kwa kawaida ni ndogo, kuna miji hawadai kabisa, na wamezoea wageni.

Dalali hakuna. Narudia kwa wa Sinza na Mbezi: DALALI HAKUNA. Hata kama mwenye nyumba ametumia wakala, kwa sheria anayelipa wakala ni aliyemtuma. Wala hakuna kodi ya miezi sita mkupuo. Unalipa mwezi kwa mwezi, na dhamana kisheria haivuki kodi ya miezi mitatu, kwa kawaida ni mmoja au miwili.

Nitaendelea nikitoka kazini.

#2 Mzee wa Kijiweni, 3 Oktoba

Yaani nchi nzima haina dalali? Nani anakupeleka kuona nyumba, na nauli ya bodaboda anailipa nani?

#3 Msukuma wa Kainuu, 3 Oktoba

Mzee unapelekwa na miguu yako. Unafika saa kumi kamili, siyo kumi na dakika tano, anakufungulia, unavua viatu mlangoni, unatazama, unasema asante. Mnaongea dakika kumi na mbili, kati ya hizo saba ni kimya. Usikijaze. Ukikijaza anahisi unaficha kitu.

#4 KijanaMasasi, 4 Oktoba

Mkuu umenifungua macho. Mimi naanza Januari hapohapo Kajaani. Babu yangu kule Masasi alikuwa fundi wa pampu za maji za Nira, zile za mradi wa Wafini wa Mtwara na Lindi, kwa hiyo nyumbani Ufini wanaiongelea kama mkoa wa jirani. Lakini nikifungua matangazo naona herufi tu: 1h+kk, 2h+k+s, 1h+kt. Hizi ni hesabu au nyumba?

#5 Msukuma wa Kainuu, 4 Oktoba

Ni nyumba. *h* ni chumba, na sebule inahesabiwa humohumo. Yaani 2h ni chumba na sebule ya kwetu, siyo vyumba viwili na sebule. *k* ni jiko la kujitegemea lenye mlango wake. *kk* na *kt* ni kona ya kupikia, unakaanga samaki na mto wako unanuka samaki. *s* ni sauna ya ndani, *p* ni kibaraza. Ghorofani utaona namba kama 3/5: ghorofa ya tatu kati ya tano, na hawa ya chini wanaiita ya kwanza.

Mimi nina 1h+kk, mita za mraba 32, jengo la miaka ya sabini, kodi 430 na maji 18 juu yake. Maji angalieni sana, mara nyingi yanatozwa kwa kichwa kila mwezi. Ukileta mwenzio na kodi ya maji inapanda.

Ila kuna neno moja dogo kuliko yote hayo ambalo ndilo linakula pesa. Shangazi yupo? Amsimulie kijana.

#6 ShangaziTheluji, 5 Oktoba

Nipo wanangu, nilikuwa zamu ya usiku.

Mimi ni mlezi wa wazee, nipo Lieksa, mashariki karibu na mpaka wa Urusi. Mji wa watu kama elfu kumi, dubu nao wapo. Nilipofika nikaona nyumba ya safu, zile wanaita *rivitalo*, chumba na sebule, bustani ndogo, kodi 390. Nikasema Mungu mkubwa, wenzangu Espoo wanalipa mara mbili. Nikasaini. Tangazo lilikuwa limeandikwa *suora sähkölämmitys* na mimi Kifini changu kilikuwa cha "asante" na "kahawa".

Maana yake nyumba inapashwa moto kwa umeme moja kwa moja, na umeme ni wa mpangaji. Septemba bili 40. Oktoba 85. Nikasema labda wamekosea. Januari ikafika baridi ya nyuzi 28 chini ya sifuri siku tisa mfululizo, bili ya mwezi ule ilikuwa 310. Na siyo bili moja, zinakuja mbili: ya nguvu yenyewe, ambayo muuzaji unamchagua mwenyewe, na ya kusafirishiwa umeme, ambayo huchagui, mwenye nyaya za eneo lenu ni mmoja tu. Nilivaa koti ndani ya nyumba, nikazima vyumba vyote nikalala jikoni. Mwenye nyumba alipojua akaja mbio, mimi nikadhani kaja kunihurumia. Kaja kwa sababu mabomba yakiganda yanapasuka! Akaniwashia vyote.

Kwa hiyo tafuteni neno *kaukolämpö*. Huo ni moto wa mji, maji moto yanatoka kituo kimoja yanapita chini ya ardhi mpaka kwenye majengo. Kwenye ghorofa zenye huo, joto kwa kawaida limo ndani ya kodi. Kodi ya 430 yenye *kaukolämpö* ni rahisi kuliko 390 yangu, na msiniulize nimejuaje.

#7 Bedsita254, 5 Oktoba

Shangazi pole 😂 Mimi niko Varkaus, nimetoka Eldoret. Naongeza: kabla ya kupewa funguo unatakiwa uwe umefanya mkataba wako wa umeme na siku ya kuanza iwe hiyohiyo unayoingia. Mimi sikujua. Nikaingia Ijumaa jioni, nyumba giza tororo, ofisi zimefungwa mpaka Jumatatu. Na kuna mikataba ya bei inayobadilika kufuatana na soko, inabadilika hata ndani ya siku moja. Wengine wanaisifu, wanafua usiku wa manane. Kwa mgeni mimi nasema chukua bei moja ya kudumu ulale.

Pia bima ya nyumba. Mikataba mingi inaidai. Siyo pesa nyingi, na maji yakivuja yakashuka kwa jirani wa chini ndiyo utajua kwa nini.

#8 KijanaMasasi, 9 Oktoba

Wakuu nimepata! Facebook, Kajaani katikati, 2h+k, ina samani zote, televisheni mpaka vikombe, euro 300 na umeme ndani. Mwenyewe anasema yuko kazini Uhispania, atanitumia funguo kwa kampuni ya vifurushi nikishatuma dhamana 600. Ameonyesha mpaka pasipoti yake. Nimwambie ndugu zangu wachange?

#9 Bedsita254, 9 Oktoba

USITUME.

#10 ShangaziTheluji, 9 Oktoba

Mwanangu usitume hata shilingi.

#11 Msukuma wa Kainuu, 9 Oktoba

Kijana, tulia kwanza. Tazama mambo matatu. Nyumba ya kupanga Ufini haiji na samani, labda za wanafunzi na za muda mfupi, na hizo zinakuwa ghali zaidi, siyo nafuu. Pili, mwenye nyumba wa kweli akiwa mbali anamtuma mtu akufungulie uone. Tatu, pasipoti aliyokuonyesha ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako, na yako ukimtumia ndiyo atamwonyesha anayefuata.

Nitumie hiyo anwani, nipo umbali wa baiskeli.

#12 Msukuma wa Kainuu, 10 Oktoba

Nimepita. Namba hiyo ya mtaa ni maegesho ya duka la vyakula.

#13 Mzee wa Kijiweni, 10 Oktoba

Kumbe madalali wapo. Wamehamia Uhispania tu.

#14 KijanaMasasi, 10 Oktoba

Asanteni sana. Nilikuwa nimeshaongea na mjomba mwenye korosho. Nimejaza fomu ya kampuni ya manispaa usiku huu. Wameuliza kipato. Niandike nini wakati mimi ni mwanafunzi? Na kuna mtu kaniambia Kela, wale wa hifadhi ya jamii, watanilipia sehemu ya kodi.

#15 Msukuma wa Kainuu, 10 Oktoba

Andika akiba uliyo nayo, ileile uliyoonyesha Migri, idara ya uhamiaji. Kwa kibali cha mwanafunzi wanataka uonyeshe euro 800 kwa kila mwezi, sasa ndiyo kipimo chako: kodi isizidi nusu ya hapo, na hata nusu ni nyingi.

Kela, sahau. Mwenye kibali cha masomo kwa kawaida hana haki ya posho hizo. Hata wanafunzi wenyeji, tangu Agosti 2025, wametolewa kwenye posho ya jumla ya makazi wakarudishwa kwenye nyongeza ya wanafunzi. Ukija kufanya kazi ya maana na ukaingia kwenye bima yao, hapo ongea nao. Anayekuja na hesabu ya "Kela itajazia" atakula maji ya bomba, ingawa maji ya bomba ya huku ni matamu.

#16 UviraMoja, 12 Oktoba

Ndugu zangu, nawasoma kimya tangu siku ya kwanza. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, tulikuja kwa mpango wa wakimbizi wa kugawiwa manispaa, tukitokea kambini Uganda. Sisi nyumba hatukutafuta. Tulitua uwanja wa ndege tukakuta mji umeshatuandalia, vitanda, sahani, hata pazia. Ndiyo maana mimi sikujifunza mambo haya, na ndiyo maana yalinikuta baadaye.

Baada ya miaka minne familia ikawa watu saba, tukataka nyumba kubwa zaidi, vyumba vinne. Ikapatikana, watu wote wakafurahi. Siku ya kusaini wakaangalia jina langu, wakasema bwana, una alama ya kutolipa deni. *Maksuhäiriö*. Deni gani? Nikatafuta, nikakuta ni laini ya simu ya mtandao wa zamani, euro 38, niliacha kuitumia nikadhani imekufa yenyewe kama laini za kwetu unavyoitupa. Barua zilikuja. Nilizitia kwenye droo kwa sababu nilikuwa sizielewi. Zikapanda gharama za ukumbusho, za wakala wa kudai, mpaka mahakama, na baada ya hukumu ndipo alama inawekwa. Mimi mahakama sikuiona kwa macho, ilipita kwenye karatasi tu.

Kwa alama hiyo ni shida kupata nyumba ya mtu binafsi au mkataba wa simu, na umeme wanaweza kukudai dhamana. Wajua nililipa jumla kama 300 kwa 38. Lakini sheria ilibadilika Desemba 2022: ukishalipa na taarifa ikafika, alama inaondolewa ndani ya mwezi. Zamani ingenikalia miaka. Tukaipata nyumba nyingine mwezi wa tatu.

Barua yoyote yenye namba ndefu na tarehe, ndugu zangu, ipeleke kwa mtu akusomee siku hiyohiyo. Droo haisomi.

#17 ShangaziTheluji, 12 Oktoba

Baba Uvira, pole sana. Na barua yenyewe ili ifike jina lako lazima liwe mlangoni. Barua wanapenyeza kwenye tundu la mlango wako hukohuko ghorofani, postamani anafuata jina, siyo namba. Jina analibandika mtu wa matunzo ya jengo, unamwambia ukihamia. Na taarifa ya kuhama unaijaza mtandaoni, moja inakwenda posta na kwa DVV, ofisi ya usajili wa watu, kwa pamoja, isizidi wiki moja tangu uingie.

#18 Bedsita254, 15 Oktoba

Acha niseme ya kwangu ya kuhama, maana kuingia watu wanauliza, kutoka hakuna anayeuliza mpaka ameumia.

Mkataba wangu uliandikwa *toistaiseksi voimassa oleva*, yaani hauna mwisho. Nikafurahi, nikajua natoka nikitaka. Lakini chini kulikuwa na mstari: siku ya kwanza ninayoruhusiwa kuuvunja ni baada ya miezi 12, nikitangulia nalipa faini ya kodi ya mwezi mmoja. Wengi wanaweka huo mstari. Na ule mkataba mwingine, wenye tarehe ya mwisho, *määräaikainen*, huo ndio usiucheze kabisa, hautoki katikati kwa kutoa notisi tu. Ukipata kazi Tampere unalipa nyumba mbili.

Notisi ya mpangaji ni mwezi mmoja wa kalenda, na unahesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi uliotoa notisi. Mimi nilituma tarehe 2 Mei. Ningetuma tarehe 30 Aprili ningetoka mwisho wa Mei. Kwa siku mbili nikalipa Juni yote. Mwenye nyumba yeye akitaka kukutoa anakupa miezi mitatu kama hujafikisha mwaka, sita kama umefikisha, na lazima awe na sababu ya maana.

Halafu usafi. Nilifagia, nikapiga deki, nikajiona mwanaume. Mwenye nyumba akaja na tochi. Akavuta jiko kutoka ukutani! Nyuma yake kulikuwa na chapati ya mwaka 2023 na kijiko nilichokitafuta miezi sita. Akafungua tundu la maji la bafuni, akatoa nywele za mpangaji wa kabla yangu, maana mimi nina kipara. Akataka kukata 250 kwenye dhamana.

#19 Mzee wa Kijiweni, 15 Oktoba

Chapati ya 2023 ni urithi wa taifa.

#20 KijanaMasasi, 15 Oktoba

Ukamlipa?

#21 Bedsita254, 16 Oktoba

Sikulipa zote. Siku niliyoingia nilipiga picha kila kona, mpaka mkwaruzo wa sakafu, nikamtumia kwa barua pepe jioni ileile. Kwa hiyo mikwaruzo aliyotaka kunibambika ikaanguka hapohapo. Uchakavu wa kawaida wa kuishi mpangaji halipi, sheria inasema. Uchafu wa nyuma ya jiko nilikubali, ni aibu yangu, akakata 80. Mkishindwana ipo bodi ya migogoro ya walaji, *kuluttajariitalautakunta*, inapokea hata ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba binafsi. Lakini inachukua muda, na kwenye mji wa watu elfu ishirini mtakutana naye kwenye foleni ya duka kesho.

#22 Msukuma wa Kainuu, 16 Oktoba

Hilo la mwisho mimi nalikataa kidogo. Watu wetu wananyamaza sana kwa kuogopa foleni ya duka. Kuna dada mmoja hapa alipiga simu kuulizia nyumba, kwa Kiingereza, akaambiwa imeshachukuliwa. Rafiki yake Mfini akapiga nusu saa baadaye, akakaribishwa kuiona. Hiyo siyo bahati mbaya. Yupo mtetezi wa usawa, *yhdenvertaisuusvaltuutettu*, na ubaguzi kwenye kupangisha ni jambo analolishughulikia. Dada hakutaka. Akaichukua ya manispaa akaendelea na maisha yake, na simlaumu. Lakini msiambiane kwamba ndivyo ilivyo.

#23 Bedsita254, 16 Oktoba

Sikusema ndivyo ilivyo. Nimesema nguvu ya kugombana kwa Kifini saa mbili usiku baada ya zamu mbili mimi sina. Wewe una miaka tisa huko.

#24 Msukuma wa Kainuu, 16 Oktoba

Kumi. Lakini nimekuelewa.

#25 UviraMoja, 17 Oktoba

Nyote mko sawa. Tuendelee na kijana.

#26 KijanaMasasi, 4 Novemba

Wakuu, wamenijibu! 1h+kk, mita 29, *kaukolämpö* (nimeangalia mara tatu, Shangazi), kodi 398, maji kwa kichwa, ghorofa ya 2/3. Wamenipa siku chache kukubali. Picha zinaonyesha ndani hamna kitu. Kabisa. Hata pazia. Nibebe nini kutoka nyumbani?

#27 ShangaziTheluji, 4 Novemba

Kubali leo. Friji na jiko la umeme vitakuwepo. Juu ya sinki utakuta kabati la vyombo halina sakafu, lina waya tu, sahani zinajikausha zikidondosha maji kwenye sinki. Usiogope, halijaharibika.

Usibebe mablanketi, huku ndani ni nyuzi 21 na watu wanatembea na kaptula. Vyombo, godoro, meza utapata *kirpputori*, soko la mitumba. Wazee wakihamia kwetu kituoni watoto wao wanauza nyumba nzima kwa bei ya soda. Nilinunua kiti cha kuzungusha cha euro tano kinanishinda mimi mwenyewe umri.

Sasa sikiliza hili maana hakuna anayelisema: TAA HAZIPO. Jikoni na bafuni zipo. Chumbani aliyehama kaondoka na taa yake, ndiyo desturi. Utaona waya unaning'inia darini na kidude cheupe mwishoni, wanakiita *sokeripala*, kipande cha sukari. Na Januari saa kumi kasoro jua limeshakwenda zake.

#28 Msukuma wa Kainuu, 4 Novemba

Kingine: funguo. Huo ufunguo mmoja unafungua mlango wa chini, wa kwako, chumba cha kufulia na stoo. Ukiupoteza unaweza kulipia kubadilisha makufuli. Na mlango wa nyumba unajifunga wenyewe ukitoka. Ukienda kutupa taka na soksi, ufunguo mezani, unampigia mtu wa matunzo aje akufungulie, kwa bei ya usiku. Kila mgeni anafanya hivi mara moja.

Chumba cha kufulia kina karatasi ya zamu ukutani. Andika jina lako, usifute la mtu. Kimya kuanzia saa nne usiku. Dagaa kaanga, lakini washa kifyonza moshi na usizibe matundu ya hewa ukutani kwa sababu ya baridi, ukuta utaota ukungu. Mimi niliwahi kukuta karatasi imebandikwa kwenye ngazi: "Harufu ya samaki imeingia kwenye chumba cha watoto." Haina jina la aliyeandika wala la anayeandikiwa. Jengo zima mwenye dagaa wa Mwanza nilikuwa mimi peke yangu.

#29 Mzee wa Kijiweni, 4 Novemba

Uliwajibu?

#30 Msukuma wa Kainuu, 4 Novemba

Niliwapikia ndizi nyama sherehe ya jengo. Aliyeandika nilimjua, aliomba kuongezwa.

#31 Bedsita254, 20 Novemba

Kijana, umeme umefungua mkataba?

#32 KijanaMasasi, 20 Novemba

Tayari, kuanzia siku ya funguo, bei ya kudumu. Na bima. Mjomba wa korosho anawasalimu wote.

#33 KijanaMasasi, 5 Januari

Wakuu nimefika. Kutoka Kuopio kuja huku nje ni miti na theluji, miti na theluji, nikasinzia nikaamka bado ni miti. Funguo nimepewa ofisini, nimesaini karatasi mbili, yule dada hakuniuliza chochote zaidi ya kama nina njaa. Nimepiga picha kila kona kabla ya kuweka begi chini. Nyuma ya jiko nimechungulia kwa simu, pasafi.

Nipo sakafuni jikoni, maana ndiko kwenye taa. Chumbani kweli upo waya na kile kipande cha sukari. Nakitazama. Nina bisibisi kwenye begi, babu alinipa.

#34 ShangaziTheluji, 5 Januari

Bisibisi irudishe begini!

#35 Msukuma wa Kainuu, 5 Januari

Usiguse huo waya mpaka nifike. Natoka zamu saa tatu na nusu, nina taa ya ziada ya kusimama, nakuja nayo kwa baiskeli. Mlango wa chini utakuwa umeshafungwa saa hizo, nitakupigia ushuke unifungulie.

Shuka na ufunguo.

#36 KijanaMasasi, 5 Januari

Kaka upo umbali gani? Nipo kwenye ngazi.